Mgonjwa mwenye kadi tatu

Mgonjwa wa sukari na presha akifika kliniki yetu anapimwa uzito, anafungwa kipimo cha presha mkononi, anachomwa kidole. Kama maabara ina vitendanishi siku hiyo, anapimwa na figo. Namba zote zinaingia kwenye kadi. Ila kwenye kadi hiyo hakuna mahali panapouliza anaishije na haya yote: kama analala, kama chakula kinapita, kama bado anaona maana ya kuendelea kuja. Mimi ni muuguzi. Nimekaa miaka mingi kwenye kliniki hizi katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga, na naandika kwa sababu naamini swali hilo linapaswa kuulizwa kwa kila mtu mwenye zaidi ya ugonjwa sugu mmoja. Presha hatusubiri mgonjwa alalamike kichwa ndipo tupime, na hili nalo lisisubiri mgonjwa alie. Nina masharti juu ya namna ya kuuliza na juu ya kinachofuata baada ya jibu, na masharti hayo ndiyo yaliyorefusha makala hii.

Watu ninaowaeleza humu nimewaondolea chochote cha kuwatambulisha.

Chukua mama mmoja wa makamo, muuza samaki wa kukaanga. Anaishi na VVU tangu ujana wake, dawa amezimeza kwa uaminifu, na virusi havionekani tena kwenye kipimo. Baadaye ikaja presha, kisha sukari. Ana kadi tatu kwenye mfuko wa plastiki. Kadi ya CTC, yaani kliniki ya VVU, ina tarehe yake, ya presha ina yake, ya sukari ina yake, na macho yakianza kuona ukungu kunaongezeka tarehe nyingine. Kila tarehe ina bodaboda ya kumtoa kijijini hadi barabara ya lami, gari la kumfikisha mjini, na siku nzima ya biashara iliyolala. Kila dirisha lina muuguzi wake na maneno yake. Huku anaambiwa ale ashibe ili dawa zisimlegeze; kule anaambiwa apunguze ugali na wali. Akiuliza ashike lipi, anajibiwa afuate maelekezo.

Na dawa zenyewe hazijuani, kwa sababu wanaoziandika hawaonani. Dolutegraviri, ambayo kuanzia mwaka 2019 imo kwenye kidonge kikuu cha VVU hapa nchini, hupandisha kwenye damu kiwango cha metformini, dawa ya sukari. Ndiyo maana wanaozitumia zote mbili hushauriwa kwa kawaida wasivuke miligramu 1,000 za metformini kwa siku. Dirisha la sukari lisipojua kilichoandikwa CTC, mama huyu anapewa dozi kamili ya kawaida, anaharisha, tumbo linamnguruma mbele ya wateja. Hana wa kumweleza kwamba ni dawa mbili zimekutana. Yeye anachokijua ni kwamba mwili wake sasa umekataa dawa. Anaanza kuruka siku. Sukari inapanda, na akija kliniki sisi tunamwongezea dozi ya dawa asiyoimeza.

Hapo ndipo ninapoanzia. Watu wengi, hata wenzangu wa kazini, wakisikia habari ya kupima hali ya moyo ya mgonjwa, yaani hisia na mawazo yake, wanadhani ni jambo la huruma, la kufanywa siku foleni ikiwa fupi. Mimi naliona ni sehemu ya kutibu sukari yenyewe. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba mgonjwa mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, ana uwezekano mara tatu zaidi wa kutofuata matibabu yake kuliko asiye nayo. Mwingine wa mwaka 2017, uliohusu watu wenye magonjwa sugu mawili au zaidi, ulikuta hatari ya sonona kwao ni mara mbili ya wale wasio na mrundikano huo, na mara tatu ya wale wasio na ugonjwa sugu wowote. Ukiziweka tafiti hizo mbili pamoja unaona kwamba watu tunaowabebesha vidonge vingi zaidi ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kukosa nguvu ya kuvimeza. Tena wao ndio tunaowagombeza zaidi.

Mateso yenyewe si ya aina moja, na ukiyachanganya utampa mtu tiba isiyo yake. Kuna sonona, ambayo ni ugonjwa: raha inaisha katika kila kitu, huzuni haiondoki, mtu anajiona hafai, usingizi na chakula vinaharibika, na hali hiyo inakaa wiki baada ya wiki. Halafu kuna kuchoshwa na ugonjwa wenyewe. Huyu bado anacheka na wajukuu, bado anapenda harusi, ila ukimtajia sukari uso unabadilika. Amechoka kuchomwa vidole, amechoka kula chakula chake peke yake pembeni, anaogopa kukatwa mguu kama jirani yake, anahisi kila namba mbaya ni hukumu juu yake. Mwaka 1995 William Polonsky na wenzake kule Marekani walitengeneza dodoso la maswali 20, maarufu kwa jina la PAID, kwa ajili ya mchoko huu wa watu wenye kisukari. Majibu hugeuzwa kuwa alama kutoka 0 hadi 100, na 40 kwenda juu huhesabiwa kuwa mzigo mzito. Mtu anaweza kupata alama kubwa humo huku dodoso la sonona likimwonyesha mzima. Huyo hahitaji kidonge cha sonona. Anahitaji mtu wa kukaa naye na kumpunguzia mzigo wa matibabu, na kwenye uwezo wetu kuna mengi ya kupunguza, nitayafikia.

Huku Tanga kuna jambo ambalo madodoso ya Ulaya na Marekani hayaliulizi, nami siku hizi naliuliza bila kukosa. Ni funga. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, mgonjwa wa sukari anayechoma insulini anaambiwa na daktari asifunge, na dini yenyewe imempa ruhusa. Lakini ruhusa haiondoi uchungu. Nyumba nzima inaamka kula daku, yeye analala. Jioni wote wanakusanyika kwenye futari, yeye ameshakula mchana, amejificha jikoni kwa aibu ya wajukuu. Wengine wanafunga hivyohivyo na kuficha, wanaletwa kwetu sukari imeshuka hadi hawajitambui. Mtu aliyeishi miaka hamsini akifunga anapoambiwa basi, anapoteza nafasi yake kati ya watu wake. Nikiuliza tu, "Bibi, Ramadhani iliyopita ilikuwaje kwako?" mara nyingi napata zaidi ya ninachopata kwa dodoso zima.

Dodoso la sonona tunalolitumia zaidi ni PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams. Halilipiwi. Lina maswali tisa, kila moja na alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 kwenda juu ndiyo inayotumika sana kama kiwango cha kumwangalia mtu kwa makini. Kiswahili chake kimeshafanyiwa kazi: mwaka 2009 ilichapishwa tafiti ya watu wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya iliyoonyesha linafaa, na tafiti nyingine zimefuata Kilifi na Dar es Salaam. Maswali mawili ya kwanza yanatosha kwa kuanzia. Je, katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na kukosa hamu au raha ya kufanya mambo? Je, umesumbuliwa mara ngapi na huzuni, kuvunjika moyo au kukosa matumaini? Akipata 3 kati ya 6, unaendelea na yaliyobaki. Maswali mawili yanachukua muda mfupi kuliko kufunga na kufungua kipimo cha presha, kwa hiyo hoja ya kwamba hatuna muda mimi siikubali kwa hatua hii ya kwanza.

Ugumu uko kwenye kuhesabu. Majibu yenyewe ni haya: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku. Mwambie hivyo bibi wa shambani atakuangalia tu, kisha atachagua la mwisho ulilolitaja. Kwa hiyo siulizi wiki mbili. Nasema, "Tangu gulio lile la kabla ya hili lililopita mpaka leo," au kwa Mwislamu, "Tangu Ijumaa ya juzi ile." Namwonyesha kalenda ya ukutani na kidole, siku kwa siku. Baba mmoja alinyamaza akaifuata kalenda ile kwa macho hadi mwisho, akasema, "Nesi, hapo hakuna siku nzuri hata moja." Hakuwa amewahi kumwambia hilo hata mke wake.

Sasa kuna tatizo ambalo kwa mgonjwa mwenye magonjwa mengi ni kubwa kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Katika yale maswali tisa, kuna usingizi, kuna uchovu, kuna hamu ya chakula, kuna kushindwa kutuliza akili, kuna kuwa mzito wa mwendo au kutotulia. Matano hayo yanaweza kujazwa na mwili bila moyo kuhusika. Sukari ikiwa juu mtu anaamka kukojoa usiku kucha. Ukimwandikia dawa ya kukojoza na hukumwambia aimeze asubuhi, naye anaimeza jioni na nyingine zote, hatalala. Miguu inayowaka moto hailazi. Propranololi, dawa ya presha, inachosha. Figo zikianza kushindwa, chakula kinanuka. Mwenye upungufu wa damu hana nguvu ya kuinua ndoo. Na yule aliyemeza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, akakosa chakula cha mchana atatetemeka, atatoka jasho, moyo utamwenda mbio, atajawa na hofu ya ajabu. Ukimkuta hapo ukampa dodoso utaandika wasiwasi mkubwa, wakati anachohitaji ni chai yenye sukari sasa hivi. Kwa sababu hiyo kidole huchomwa kabla ya dodoso. Huo ndio utaratibu ninaousimamia mezani kwangu.

Wapo waliojaribu kulikwepa tatizo hili kwa kuliondoa kabisa. Dodoso la HADS, lililotungwa mwaka 1983 na Zigmond na Snaith kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali, lina maswali 14 ya wasiwasi na sonona, na waliacha kwa makusudi dalili za mwili kama uchovu na usingizi. Ni wazo zuri. Lakini kwa watu wetu naona linapoteza kitu, maana wengi hawaji na neno la huzuni. Wanakuja na mwili. Kichwa kimejaa, moyo unadunda, mgongo unawaka, mwili hauna nguvu, mawazo yamezidi. Kule Zimbabwe miaka ya tisini, Vikram Patel na wenzake walianza upande wa pili: walikusanya namna wagonjwa wenyewe wa Kishona wanavyoeleza kusumbuka kwao, na kutokana na hayo likatengenezwa dodoso la maswali 14 ambalo kliniki za huko zinalitumia mpaka leo. Nasi tunahitaji kazi ya namna hiyo kwa mgonjwa wa pwani mwenye sukari na presha.

Mpaka ipatikane, mimi nafanya hivi. Sifuti alama za mwili, ila naangalia jumla imetoka wapi. Mtu mwenye 11 iliyotokana na usingizi, uchovu, chakula na kushindwa kutuliza akili, huku maswali mawili ya kwanza akiwa na sifuri, namrudisha kwanza kwa tabibu tuangalie sukari, damu, figo na ratiba ya dawa zake, kisha namuuliza tena akirudi. Mtu mwenye 11 yenye ndani yake kukosa raha, kukata tamaa, na lile swali la kujiona umeshindwa au umeiangusha familia yako, huyo simwachii aondoke na tarehe tu. Lile swali la kuiangusha familia ndilo linalowaliza watu. Wazee wetu wanajua nauli inatoka kwa nani.

Jambo ambalo lingeniudhi kuliko yote ni maswali haya kuulizwa dirishani. Huwezi kumuuliza mtu kama amekata tamaa huku nyuma yake kuna benchi la watu arobaini, na wa kwanza kwenye benchi ni jirani yake. Atakujibu, "Alhamdulillah," au, "Tunamshukuru Mungu, mwanangu." Siibishii shukrani hiyo, ni ya kweli na ndiyo inayomshikilia. Nakaa kimya kidogo, kisha nauliza, "Na usiku je, mama?" Usiku ndio wanakoeleza.

Ndugu aliyemsindikiza naye ana sehemu yake. Kijana aliyelipa nauli, aliyeacha kazi siku hiyo, anakaa karibu na mama yake kwa upendo, na kila swali analijibu yeye. Mama hawezi kusema mbele yake kwamba amechoka kuwa mzigo. Namtuma kijana dirisha la dawa akashike foleni. Hilo linamfaa kila mtu. Kwa wanaume wa makamo kuna jambo lingine ambalo halimo kwenye PHQ-9: nguvu za kiume. Kisukari cha muda mrefu kinaziharibu, na baadhi ya dawa za presha zinaongeza. Mwanaume ataacha dawa kimya kimya, ataenda kununua mizizi sokoni, ndoa itaingia baridi, naye kliniki atakuambia miguu inauma. Hapo namwomba tabibu wa kiume aingie mimi nitoke. Si kwamba siwezi kuuliza. Yeye ndiye hawezi kunijibu mtu wa umri wa binti yake.

Swali la tisa linauliza kama mtu amefikiria kwamba heri angekufa, au kujidhuru. Wenzangu wengi wanaliruka, na ninaelewa woga wao. Wanaogopa kwamba ukilitaja umelipanda kichwani. Mimi naliuliza kwa sauti ileile niliyoulizia usingizi. Wengi wenye mawazo hayo wanashusha pumzi, kwa sababu walikuwa nayo peke yao. Tena kuna tofauti kubwa kati ya mzee anayesema yuko tayari Mungu akimwita, na mtu aliyeanza kupanga. Nauliza mpaka nijue ni yupi. Akiwa wa pili, hatoki peke yake. Anaonwa siku hiyohiyo, tunakubaliana naye ni nani nyumbani wa kukaa naye, na dawa zake zitatunzwa na nani. Kama wewe unayesoma ndiye mtu huyo, nenda leo kituo cha afya kilicho karibu na umwambie mtu mmoja unayemwamini kabla hujaondoka nyumbani.

Sheria inatuwekea mawe njiani. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kuwaza si kosa, lakini mgonjwa hajui mpaka huo uko wapi, anachojua ni kwamba fulani alinusurika akaishia polisi. Wenzetu wa Kenya wamesogea: Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kifungu kama hicho, cha 226, kinapingana na Katiba. Natamani kwetu lifike mapema. Na kwa watu wa mkoa huu kuna hofu ya pili. Kule milimani Korogwe kuna Lutindi, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Imewahudumia watu kwa vizazi, lakini mtaani jina lake limekuwa la kutishia. Mgonjwa akiona unaandika majibu yake anauliza, "Utanipeleka Lutindi?" Namgeuzia karatasi aisome, au namsomea. Namwambia ni karatasi ya faili lake la sukari, na inabaki hapa.

Nimesema nina masharti juu ya kinachofuata, na hapa ndipo penye ubishi wa kweli. Uingereza, kuanzia mwaka 2006, madaktari wa familia walilipwa nyongeza wakiuliza maswali mawili ya sonona kwa kila mgonjwa wa kisukari na wa moyo. Mwaka 2013 malipo hayo yakaondolewa. Kamati ya Kanada mwaka huohuo ilishauri watu wazima wasipimwe sonona kwa jumla, kwa kuwa haukuonekana ushahidi kwamba kupima peke yake kunamsaidia mgonjwa. Marekani wao wanashauri kupima, lakini kwa sharti kwamba uwe na utaratibu wa kumtibu na kumfuatilia. Naliheshimu sana sharti hilo. Kumfungua mtu moyo wake kisha kumwambia njoo baada ya miezi mitatu ni kumwongezea jeraha. Atajifunza kutosema tena, na atawaambia wenzake benchini wasiseme.

Utaratibu unapokuwepo mambo hubadilika. Wayne Katon na wenzake katika jimbo la Washington walichukua wagonjwa 214 wenye kisukari, ugonjwa wa moyo au vyote viwili, sukari au presha au mafuta ya kwenye damu yakiwa hayajadhibitiwa, na juu yake wana sonona. Nusu walipewa muuguzi mmoja wa kushika yote kwa pamoja: sukari, presha, mafuta, na hali ya moyo, huku madaktari wakimsimamia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya miezi 12, kundi la muuguzi lilikuwa bora kwenye sukari, presha, mafuta na sonona. Kinachonigusa ni kwamba aliyekaa katikati ni muuguzi, si bingwa.

Mtu atasema hiyo ni Marekani. Basi Harare, Zimbabwe. Dixon Chibanda, daktari wa akili, alianza mwaka 2006 huko Mbare kuwafundisha akina bibi wa mtaani, wahudumu wa afya wa kujitolea, kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kushughulikia tatizo moja kwa wakati mmoja. Jaribio lao la kliniki 24 na watu 573 lilichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, wenye dalili za sonona kwenye kundi la benchi walikuwa karibu asilimia 14, na kwenye kundi jingine karibu nusu. Bibi hawa hawakuwa na shahada. Walikuwa na mafunzo, mtu wa kuwasimamia, na mahali pa kumpeleka aliyewazidi nguvu.

Nasi tunavyo vitu hivyo, vimekaa jengo la pili. CTC, ambazo zimejengwa tangu mwaka 2004, zina WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU, wanaomfundisha mgonjwa mpya kwa kumwonyesha maisha yao wenyewe. Wana mafaili yanayobaki hospitalini. Wanajua kumpa mtu dawa za miezi mitatu kwa mkupuo akiwa imara. Mgonjwa wa sukari asiye na VVU havijui vitu hivi, anakuja kila mwezi na kadi yake mkononi. Na yule mwenye vyote anaishi nchi mbili, asubuhi anaitwa kwa jina na mshauri wake, mchana anaitwa kwa namba dirishani. Nimewahi kumsikia mmoja akisema anashukuru ana VVU, kwa sababu huko ndiko anakojuliwa. Maneno hayo yalinikosesha usingizi.

Kwa hiyo ombi langu kwa waganga wafawidhi na wasimamizi wa wilaya ni dogo na halihitaji jengo. Mwenye kadi mbili au tatu apewe siku moja. Aonwe kwenye kiti kimoja, dawa zake zote ziwekwe mezani, za CTC na za sukari na za miguu, mtu mmoja azisome pamoja. Aliye imara apewe za miezi mitatu, kama CTC. Maswali mawili yaulizwe kwenye chumba chenye mlango, kila ziara. Apatikane walau tabibu mmoja aliyefundishwa kwa mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, ambao toka mwaka 2010 unamwonyesha mhudumu asiye bingwa namna ya kutibu sonona. Amitriptilini na fluoksetini ni dawa za sonona za siku nyingi, lakini mwenye ugonjwa wa moyo si wa kuandikiwa amitriptilini kwa mazoea, na huyo ndiye tuliye naye mara nyingi. Ofisa wa ustawi wa jamii awe karibu siku hiyo, maana kwa wengi kinachoitwa kukata tamaa kinaanzia kwenye nauli na msamaha wa matibabu ambao mzee hakujua anastahili.

Yule mama muuza samaki alipopata siku moja badala ya tatu, dozi ya metformini ikarekebishwa na tumbo likatulia, alama zake zilishuka bila kidonge cha sonona. Si wote watakuwa hivyo. Wapo waliohitaji dawa na mazungumzo ya miezi, na wapo ambao bado tunahangaika nao.

Wanaonisumbua zaidi ni wasiokuja kabisa. Maswali yangu yote yanamfikia mtu aliyepata nguvu ya kupanda bodaboda asubuhi. Aliyelala amegeukia ukuta hayamfikii. CTC wana daftari la waliopotea, na mtu akikosa tarehe anapigiwa simu, na asipopatikana anafuatwa. Sukari na presha hatuna daftari hilo. Mtu akipotea miezi minne, kadi anayo yeye, namba yake ya simu hatuna, na pengine tutamwona tena akiletwa na kiharusi. Tumeanza kuandika namba ya kila anayekuja, na jina la ndugu au jirani mmoja wa kumtafutia. Vocha ya simu nimeiombea fungu, bado halijapatikana. Kwa sasa tunawapigia waliokosa tarehe mbili mfululizo, na kabla ya kuwauliza habari za dawa tunawauliza hali.